Lakabu ya Muuguzi

M*A*S*H, mchezo wa runinga ulioonyeshwa Marekani kuanzia 1972 hadi 1983, ni kichekesho cha hospitali ya jeshi katika Vita vya Korea. Mkuu wa wauguzi, Margaret Houlihan, aliyeigizwa na Loretta Swit, aliingia mchezoni na lakabu iliyotaja midomo yake, si kazi yake. Kadiri miaka ilivyokwenda lakabu ilififia. Katika kipindi kimoja cha 1976 anawafunulia wauguzi wake upweke alio nao: hawajapata hata mara moja kumkaribisha kahawa. Hapo kicheko kinanyamaza, na mtu anaonekana.

Wauguzi wengine, hata hivyo, walibaki vivuli tu, wapitao nyuma ya madaktari. Historia inawasuta watunzi. Ruby Bradley, muuguzi wa jeshi hilohilo, alikaa mateka wa Wajapani nchini Ufilipino zaidi ya miaka mitatu, akisaidia upasuaji na kuwagawia watoto chakula chake. Huko Korea, mwaka 1950, alikataa kupanda ndege mpaka majeruhi wote wapakiwe. Maisha kama hayo yangetosha misimu yote 11. Mchezo uliyatengea vipindi vichache.