Betri Mpya, Gari Lilelile

Salooni ndogo ya Kijapani, injini ya cc 1500, iliingia kwenye gereji moja ya Ilala ikivutwa kwa kamba. Betri ilikuwa mpya. Taa za mbele ziliwaka sawasawa, honi ililia kwa nguvu, redio ilipiga. Lakini ukipiga stata, injini ilizunguka kwa uzito mara mbili tatu, kisha ikakwama. Mwenye gari alikuwa ameshaambiwa kwingine kwamba stata imekufa, akaja na pesa ya stata. Fundi umeme hakuigusa stata. Alichukua mita. Namna alivyopima inastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu hiyo ndiyo hatua inayorukwa mno kwenye gereji zetu, na wanaolipia kurukwa kwake ni watu wasio na pesa ya kuchezea.

Kwanza alisikiliza. Gari lisilowaka lina moja ya mambo mawili: ama stata haizungushi injini inavyotakiwa, ama inaizungusha vizuri lakini injini haishiki. Likiwa hili la pili, betri na stata hazina kesi. Tafuta petroli, cheche za plagi, au taa ya ulinzi wa funguo inayowaka kwenye dashibodi. Gari hili lilikuwa la kundi la kwanza, kwa hiyo pampu ya petroli na plagi ziliachwa palepale zilipo. Hapo tayari nusu ya gari imeshaondolewa kwenye orodha ya washukiwa, na hakuna nati iliyofunguliwa.

Sasa tuje kwenye lile linalowapoteza wengi: taa zinawaka, basi umeme upo. Upo, ila swali ni kiasi gani kinaweza kupita. Taa mbili za mbele za wati 55 kila moja huvuta kama ampea 9 kwa pamoja. Stata ya injini ndogo inaweza kuvuta ampea 150, na kwa kitambo kifupi inapoanza kuzunguka huvuta zaidi ya hapo. Tuseme mahali fulani kwenye njia ya umeme pana kiungo kibovu chenye ukinzani wa omu 0.02, kidogo kiasi kwamba mita ya kawaida haiwezi kukuonyesha kwa uhakika. Ampea 9 zikipita hapo, volti inayopotea haifiki 0.2, na jicho halioni tofauti yoyote kwenye taa. Ampea 150 zikipita palepale, zinapotea volti 3. Betri ya volti 12 imegeuka ya volti 9 kabla stata haijafanya kazi yoyote. Ndiyo maana kiungo kibovu hakipimwi gari likiwa limetulia. Kinapimwa umeme mwingi unapopita.

Hivyo ndivyo fundi alivyofanya. Alitia handbreki, akaweka gia kwenye P, akachomoa fyuzi ya mfumo wa petroli ili injini isije ikawaka katikati ya kipimo, kisha akamweka kijana wake kwenye funguo. Betri ikiwa imetulia ilisoma volti 12.6, yaani imejaa. Stata ilipopigwa ilishuka hadi 11.6 tu. Fundi mwenye haraka angefurahia namba hiyo, lakini yeye ilimtia shaka. Stata inayojivuta namna ile, huku betri haishuki sana, maana yake umeme umezuiwa mahali fulani, njiani au ndani ya stata yenyewe. Ingekuwa betri ndiyo mbovu, volti ingeporomoka hadi chini ya 9.6.

Akahamia upande wa chanya: waya mmoja wa mita kwenye nguzo ya betri yenyewe, si kwenye kichwa cha waya kilichoishika nguzo, na mwingine kwenye nati kubwa ya stata. Stata ikapigwa. Volti 0.2, hakuna tatizo. Kisha upande wa hasi: nguzo hasi ya betri hadi kwenye bodi ya stata. Stata ikapigwa tena. Mita ikasoma 3.2, mahali ambapo hata nusu volti ingekuwa nyingi. Ukitoa hizo zote kwenye 11.6, stata ilikuwa inapata volti 8.2. Stata ilikuwa nzima. Ilikuwa na njaa.

Waya wa ethi, ule mnene unaotoka betri kwenda giaboksi, ulikuwa umefungwa kwa nati iliyokaza vizuri. Lakini giaboksi iliwahi kushushwa, na waliporudisha, kichwa cha waya kilibanwa juu ya kutu na matope yaliyokauka. Ganda la mpira lilipochanwa karibu na kichwa, nyuzi za shaba zilionekana kijani na nyingine zikakatika kwa kuguswa. Hewa ya chumvi ya pwani haihurumii shaba iliyo wazi, na unyevu hutambaa chini ya ganda mahali ambapo jicho halifiki.

Betri mpya je, ilinunuliwa kwa ushahidi gani? Hapa ndipo kisa hiki kinanisikitisha, maana ushahidi ulikuwepo na ulionekana wa kweli kabisa. Gari lilipogoma mara ya kwanza, lilibustiwa na gari la jirani na likawaka papo hapo. Kila mtu aliyekuwepo akasema betri imekwisha. Lakini aliyebusti alifuata utaratibu sahihi wa usalama: kibanio cha mwisho, cha hasi, alikibana kwenye chuma cha injini mbali na betri, kwa sababu betri hutoa hewa inayoweza kulipuka ikikutana na cheche. Kwa kufanya hivyo aliupa umeme njia nyingine ya kurudi, nje ya ule waya wa ethi uliooza. Gari liliwaka kwa sababu ya njia hiyo.

Jambo hilohilo ni kipimo kizuri kwa asiye na mita. Chukua waya mmoja wa kubusti, bana upande mmoja kwenye nguzo hasi ya betri ya gari lako na upande wa pili kwenye chuma kisafi cha injini, kisha piga stata. Stata ikichangamka ghafla, usinunue betri wala stata, shughulikia ethi.

Matengenezo yenyewe yalikuwa mafupi. Upande hasi wa betri ulitolewa kwanza. Waya mpya wa unene uleule ukafungwa kichwa cha kubanwa kwa koleo, chuma cha giaboksi kikapigwa msasa hadi king'are, nati ikakazwa, na grisi ikapakwa juu baada ya kukaza, si kabla. Kipimo cha hasi kikarudi 0.1. Betri sasa ilishuka hadi 10.9 stata ikipigwa, chini kuliko mwanzo, na ndivyo ilivyotakiwa: umeme ulikuwa unafika. Fyuzi ikarudishwa, gari likawaka kwa mguso mmoja.

Kama pande zote mbili zingesoma vizuri, betri ikabaki na nguvu, na stata bado ikajivuta, hapo ndipo ingefunguliwa kutazamwa kaboni zake na vile vipande vya shaba vya swichi yake ya sumaku, ambavyo huliwa kadiri miaka inavyokwenda na mara nyingi hubadilishwa peke yake bila kununua stata nzima.