Shahada ya Mapandit

Mwaka 1990 Serikali ya India ilimtunuku mwanafalsafa Bimal Krishna Matilal nishani ya Padma Bhushan. Wakati huo alikuwa profesa Oxford, akikalia kiti cha Spalding ambacho Sarvepalli Radhakrishnan alikuwa wa kwanza kukikalia mwaka 1936. Alistahili. Mimi, hata hivyo, naienzi zaidi shahada aliyoipata Kolkata mwaka 1962, kabla jina lake halijavuka bahari: Tarkatirtha, shahada ya wajuzi wa mantiki. Alikuwa tayari anafundisha chuoni, na bado aliketi mbele ya mapandit, wanazuoni wa jadi wa India, kama mwanafunzi, akakubali kupimwa na watu ambao hawadanganyiki.

Fani yenyewe ni Nyaya, mapokeo ya mantiki ya India, na ni fani ya subira. Mtu akisema hakuna chungu sakafuni, sisi tunaitikia na kupita. Wanyaya hawapiti. Kisichokuwepo ni chungu kipi: hiki, au chungu chochote? Hakipo wapi hasa? Tena wanashikilia kwamba kule kutokuwepo ni jambo halisi, linaloonekana kwa macho. Wabudha walilikataa hilo, na ubishi ukadumu karne nyingi. Katika karne ya 14, huko Mithila, mwanafalsafa Gangesha aliinoa lugha ya fani hii hadi kila neno la hoja likajulikana mpaka wake.

Matilal aliichukua mada hiyohiyo ya kutokuwepo, yaani ukanushi, akaenda nayo Harvard, alikohudhuria pia masomo ya mwanafalsafa Quine, na mwaka 1968 ikatoka kama kitabu. Wasomi wengi wa Ulaya walizoea kuiona falsafa ya Kihindi kama mafumbo ya wacha Mungu tu. Yeye hakuwalalamikia, aliwawekea hoja mezani wazikague wenyewe.

Kinachonigusa zaidi ni uungwana wa fani hii. Kabla hujajibu, unaieleza hoja ya mpinzani wako kwa nguvu zake zote, pengine kuliko alivyoieleza mwenyewe. Katika kitabu chake cha 1986 kuhusu utambuzi wa hisi, Matilal aliegemea upande wa Nyaya, lakini Wabudha wanapewa nafasi ya kusikika kikamilifu, na kuna kurasa ambamo msomaji huanza kuamini kuwa wao ndio watakaoshinda.

Alifariki Juni 1991. Maandishi aliyoyaacha kuhusu mantiki ya India yalihaririwa na Jonardon Ganeri, mwanafunzi wake, pamoja na Heeraman Tiwari, yakachapishwa mwaka 1998.