Rangi Huja Mwisho: Mwongozo wa Kukagua Kazi ya Mbunifu wa Ndani

Chumba kilichotoka kupakwa rangi humvutia kila mtu, na hapo ndipo wengi tunapodanganyika. Chiwanda, kama kwingine katika ufukwe wa Ziwa Nyasa mkoani Ruvuma, anayejenga siku hizi huwa na picha za sebule kwenye simu kabla msingi haujachimbwa. Fani ya usanifu wa ndani, inayosomwa hadi shahada katika Chuo Kikuu Ardhi jijini Dar es Salaam, humtaka mwanafunzi aujue kwanza mwili wa mtu, jua, upepo na tabia ya mbao, ndipo afike kwenye rangi na mapazia. Anayetaka kuitambua kazi bora naye aikague kwa mpangilio huohuo.

Maswali na mchoro

Msikilize mbunifu kabla hajashika penseli. Aliyefundwa atauliza mnaishi watu wangapi, ugali mnakula mezani au mkekani, wageni wa msiba watalala wapi, nyavu zinawekwa wapi, na dagaa wakavu watahifadhiwa upande gani ili harufu isiingie vyumbani. Asiyeuliza atakuletea nyumba ya mtu mwingine.

Kisha chukua rula. Kwa kipimo cha 1:50, sentimita 2 za karatasi ni mita 1 ya sakafu, kwa hiyo kitanda cha tano kwa sita kinapaswa kuonekana kikiwa na upana wa sentimita 3 hivi na urefu wa karibu 3.7. Kikiwa kidogo kuliko hapo, chumba kimechorwa ili kikupendeze, nawe utakuja kuujua ukweli siku ya kuingiza samani.

Mwili wa mtu

Kiti cha kulia chakula huwa na kimo cha sentimita 43 hadi 45, meza yake 75 hivi, na meza ya jikoni ya kufanyia kazi umesimama 85 hadi 90. Lakini aliyeelewa somo hanakili namba hizi kama zilivyo. Humpima mama mwenye jiko, kwa sababu meza iliyo juu mno humchosha mabega na iliyo chini mno humuumiza mgongo.

Njia ya kupita huhitaji angalau sentimita 90 pale watu wanapopishana. Hapa ndipo masofa makubwa yanapoharibu sebule nyingi. Chumba cha upana wa mita 3 kikipangwa sofa mbili zinazotazamana, kila moja ikiwa na kina cha sentimita 90, na katikati meza ya 60, zinabaki sentimita 60 tu, yaani 30 kila upande wa meza. Mgeni atapita kiubavu huku ameshika sinia. Mbunifu mzuri angeshauri viti vyepesi, au benchi la ukutani.

Jua na upepo

Kwa upande wetu wa Tanzania, Ziwa Nyasa liko magharibi. Mandhari nzuri na jua kali la jioni vinaingia kwa dirisha moja. Kuanzia saa kumi jua huwa limeshuka, linapenya chini ya upenu na kupasha ukuta joto ambalo utalala nalo. Kwa hiyo kagua nyumba saa hiyo, wala usiikague asubuhi. Kazi bora huweka baraza pana upande wa ziwa, au mti, au vibao vya kuzuia jua dirishani, na madirisha makubwa huyaelekeza kaskazini na kusini.

Upepo nao una njia yake. Mwera huvuma kutoka kusini-mashariki, na kwa nguvu zaidi katikati ya mwaka. Simama katikati ya chumba, fungua dirisha la kuingizia na la kutolea, uone kama pazia linacheza. Dirisha moja peke yake, hata liwe kubwa namna gani, haliwezi kupitisha hewa vizuri.

Mbao na jointi

Mninga na mkongo hukaa miaka mingi. Paina ni nafuu na si mbaya, ila isiyotiwa dawa ni chakula cha mchwa na bungua. Geuza kiti chini juu, utazame upande ambao fundi hakutarajia uutazame. Miguu iliyoungwa kwa ulimi ulioingia tunduni na kukaza haitikisiki. Iliyogongwa misumari peke yake italegea. Pitisha kiganja chini ya meza: kama randa na msasa vimefika huko, fundi ana nidhamu.

Mbao mbichi hujikunja ikikauka, na hata iliyokauka huvimba kidogo wakati wa mvua. Mlango mzuri huachiwa nafasi ndogo iliyo sawa pande zote. Ufungue nusu kisha uuachie. Ukijisogeza wenyewe, fremu haikufuata timazi. Kona za chumba zipime kwa futi: futi 3 ukuta huu, futi 4 ukuta ule, na mshazari uwe futi 5 kamili.

Rangi na kitambaa

Sasa ndipo tunapofika kwenye mapambo. Rangi ijaribiwe ukutani kwenyewe, itazamwe asubuhi, jioni na chini ya taa. Kitambaa cha pazia kiwe karibu mara mbili ya upana wa dirisha, la sivyo likifungwa litakosa mikunjo. Mkeka uinue juani: mianga ya hapa na pale inaonyesha mkono uliochoka, na msuko uliobana sawasawa ni wa kuaminika. Vyungu vya Wakisi wa Ikombe, kaskazini mwa ziwa hilihili, vinafaa kukaa sebuleni kama vitu vya heshima. Kigonge chungu kwa kidole, na sauti butu itakudokezea ufa.

Mapatano yaandikwe mapema, na sehemu ya malipo ibaki hadi milango, kona na jua la saa kumi vikaguliwe mbele ya mbunifu na fundi wote wawili. Anayejiamini atakubali sharti hilo, tena atakushikia futi mwenyewe.