Mara Saba Mpaka Kwenye Bendera: Bushnell Pro X3 Viwanjani Ruiru na Thika

Naanza na kioo, kwa sababu kioo ndicho kilichoniteka. Wacheza gofu wakizungumzia mashine za kupimia umbali huzungumzia leza, leza, leza. Lakini leza yenyewe haichagui. Hurudisha jibu la chochote inachokigonga, kiwe bendera, mgrevilea ulio nyuma ya grini au mkata nyasi anayepita zake. Jicho ndilo linaloielekeza, na jicho la Bushnell Pro X3 linakuza mara saba. Bendera iliyo yadi 210 unaiona kama imesimama yadi 30 mbele yako. Unaona kitambaa kinavyopepea, unaona kijiti chenyewe, unaona nyasi zilizo nyuma yake. Mashine nyingi nilizowahi kushika, Tour V5 ikiwemo, hukuza mara sita. Ukisoma karatasi ya maelezo, tofauti hiyo ya mara moja tu haikushtui. Iweke jichoni asubuhi pale Ruiru, ukungu ukiwa bado umelalia nyasi, kisha uniambie!

Ukibonyeza, miali hutoka, hugonga kijiti na kurudi. Kwa yadi 150, safari hiyo ya kwenda na kurudi haimalizi hata sehemu moja ya milioni ya sekunde. Mashine ikishakuwa na hakika kwamba imeshika bendera, si miti ya nyuma, duara jekundu huwaka ndani ya kioo na mkono wako husikia mtikisiko mfupi. Hapo unajua. Hakuna tena kubonyeza mara ya pili kwa wasiwasi, hakuna kujiuliza kama umepima grini au umepima ua wa jirani.

Kedi niliyekuwa naye Ruiru ni mzee wa kazi, amebeba mikoba tangu enzi za kuhesabu hatua. Kabla sijaitoa mashine mfukoni alikuwa ameshatamka: "Mia hamsini na tano, mkubwa. Usiogope, ipige." Nikapima. Mia hamsini na sita! Nikampa naye achungulie. Alifunga jicho moja, akabana kiwiko ubavuni bila kufundishwa na mtu, akakaa kimya kidogo. "Mzee, unaonaje?" "Naona hadi mshono wa kitambaa," akasema, kisha akanirudishia na kuinua kidole hewani. "Lakini hii haijui upepo." Ni kweli, haijui. Kazi hiyo ni yake, na yeyote anayedhani mashine hii imekuja kumfukuza kedi hajacheza raundi na kedi mzuri. Ilichofanya ni kumaliza ubishi wa namba, tukapata muda wa kuzungumzia upepo, mteremko wa grini na fimbo ya kutumia.

Kiwiko hicho alichobana kina maana kubwa, tena ni somo ambalo wenzetu wa mchezo mwingine wamelifikisha mbali ajabu. Kuna mashindano ya bunduki za upepo yaliyoanzia Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1980, ambapo mpigaji hulenga tundu dogo kwenye bati lenye umbo la mnyama. Tundu lenyewe huwa na upana wa kati ya milimita 15 na 40, na bati huwekwa mahali popote kati ya yadi 10 na 55. Risasi yao ndogo ya milimita 4.5 huenda polepole na kushuka upesi, kwa hiyo ukikosea umbali kwa yadi chache umekosa tundu. Leza hawaruhusiwi kabisa! Hupima kwa darubini peke yake. Huitia ukuzaji mkubwa, mara 40, mara 50, na chapa ya March ya Japani ina darubini inayofika mara 80. Kadiri ukuzaji unavyopanda ndivyo eneo linaloonekana vizuri linavyozidi kuwa jembamba. Bati likiwa yadi 45, kilicho yadi chache mbele au nyuma yake huwa ukungu mtupu. Mpigaji huzungusha gurudumu kubwa la ubavuni mpaka picha ikae sawasawa, kisha husoma umbali kwenye gurudumu hilohilo. Darubini imekuwa futi ya kupimia! Nikikumbuka hilo huku nimesimama na mara saba zangu, naheshimu sana kila mara moja iliyoongezwa.

Hao lakini hukaa chini juu ya mto, bunduki imetulia magotini. Sisi tunapima tumesimama, pengine mapigo ya moyo yakiwa bado juu baada ya kupanda kilima, na kila tetemeko la mkono nalo linakuzwa mara saba. Shika kwa mikono miwili, viwiko mbavuni, toa pumzi, bonyeza. Uzito wa mashine husaidia: inakaribia gramu 340, na mkono unaielewa mara moja.

Sasa twende Thika, ambako nchi inashuka kwenye mabonde ya Chania na mto Thika, na ambako sehemu ya pili ya mashine hii ilinifanya nipige kelele peke yangu. Pro X3 hupima pia mwinuko, halafu huingiza joto na mkandamizo wa hewa katika hesabu. Kwetu jambo hili si la pambo! Ruiru na Thika ziko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, mpira husafiri kiasi cha asilimia sita zaidi kuliko pwani. Pigo lako la yadi 150 pale Nyali, Mombasa, hukaribia 159 huku. Nani hajaona mgeni kutoka Mombasa akirusha mpira nyuma ya grini na kushangaa? Skrini inakupa namba mbili, umbali halisi na umbali wa kuchezea, na ukisimama juu ya bonde pengo kati ya hizo mbili ni fimbo nzima.

Siku ya mashindano funga kipengele hicho cha mwinuko. Kanuni ya 4.3 ya gofu, tangu 2019, inaruhusu kifaa cha kupima umbali isipokuwa kamati ikikataza, lakini kupima mwinuko ni marufuku. Katika mchezo wa kuhesabu mikwaju, kosa la kwanza ni adhabu ya mikwaju miwili, la pili unaondolewa. Ubavuni kuna swichi ya kuzima yenye kufuli, haiwezi kujiwasha mfukoni. Hata mabingwa wa dunia waliruhusiwa kutumia leza kwenye PGA Championship ya 2021, ile aliyoshinda Phil Mickelson.

Mengine kwa haraka: sumaku yake hung'ang'ania chuma cha toroli barabara, maji ya mvua haiyaogopi, na unaweza kuigeuza isome mita. Betri ni CR2, si ya kila duka la mtaani, basi weka ya akiba mkobani. Na bei, loo! Ilipotoka 2022 ilikuwa karibu dola 600.

Hukumu yangu ni hii. Kama unacheza mara moja kwa mwezi, ya mara sita inakutosha. Kama uko uwanjani kila wikendi na unapigania handikapu yako, inunue hii, na ukifika uwanjani mpe kedi wako achungulie kwanza.