Jua Lisiloua: Kifo cha Mnyonya Damu katika Dracula na Nosferatu

Imani kwamba jua humuua mnyonya damu haitokani na Dracula (1897). Katika riwaya hiyo ya Bram Stoker, Dracula hutembea London mchana, nguvu zikiwa zimepungua tu, na hatimaye huuawa kwa visu. Ni filamu ya F. W. Murnau, Nosferatu (1922), iliyomgeuza moshi alfajiri. Badiliko hili si dogo. Kwa Stoker, mgeni tajiri anayenunua nyumba Uingereza hushindwa kwa nyaraka, ratiba za treni na silaha za wanaume. Orlok wa Murnau huja na panya na tauni. Hapo silaha hazifui dafu. Ellen hujitoa mhanga, akimzuia hadi jogoo awike. Ujerumani ilikuwa imetoka vitani miaka minne tu awali.