Sauti Kabla ya Sura: Julius Nyaisanga na Usomaji wa Habari

Huku Kisanga, wilayani Kilosa, kama katika sehemu nyingi za Tanzania Bara, sauti ya mtangazaji ilitangulia sura yake kwa miaka mingi. Zanzibar ilipata televisheni katika miaka ya 1970. Bara ilingoja hadi 1994. Kwa sababu hiyo, baadhi ya waliotufikia mwanzoni kwa njia ya kioo walikuwa wamelelewa na redio, na hapana budi tuwapime kwa malezi hayo.

Julius Nyaisanga alikuwa mmoja wao. Mwenyeji wa Mara, mbali na pwani, alijijengea jina Radio Tanzania Dar es Salaam, akahamia Radio One na ITV, kisha akaongoza Abood Media mjini Morogoro, alikofariki Oktoba 2013. Wasikilizaji walimwita Anko J. Jina lenye asili ya Kiingereza kwa mtu aliyeheshimiwa kwa Kiswahili chake!

Wengi husifu uzito wa sauti yake. Sisi twaona kwamba sauti nzito ni majaliwa tu. Kazi ya msomaji wa habari imo katika kituo. Na tuchukue sentensi hii: “Mkuu wa wilaya alisema jana mto ulifurika.” Ukipumua baada ya “jana”, jana ni siku ya kusema; ukipumua kabla yake, jana ni siku ya mafuriko. Waliofikwa na gharika ya Mkondoa mjini Kilosa mwishoni mwa 2009 hawahitaji kuelezwa tofauti hiyo. Katika redio hakuna picha ya kumsaidia msikilizaji, hivyo msomaji aliyefunzwa huko huchunga pumzi yake. Katika televisheni maji huonekana, na msomaji aweza kuzembea asigunduliwe.

Kwa maoni yetu basi, Nyaisanga alibaki mtu wa redio hata mbele ya kamera, na hilo twalihesabu kuwa sifa. Aidha, hatukubaliani na wale wanaodhani kwamba kutoka Dar es Salaam kwenda Morogoro ni kushuka. Kituo cha mkoani ndicho kinachotaja vijiji vyetu kwa majina, na mwanafunzi wa Kilosa anastahili kuvisikia vikitajwa kwa Kiswahili kilichopimwa kama kile kinachotaja miji mikuu.