Mpango wa Mwaka Unaolipa Karo

A Rocha Kenya, shirika la Kikristo la uhifadhi lenye makao Watamu, linastahili pongezi kwa jinsi linavyoweka malengo. Tangu 2001, mradi wake wa ASSETS husaidia kulipa karo za wanafunzi wa sekondari kutoka vijiji vinavyopakana na Msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 420.

Lengo kama hilo lina tarehe isiyosubiri: shule zikifunguliwa, karo hutakikana. Sehemu ya fedha hutokana na utalii. Pale Mida, hori iliyo karibu na Watamu, mgeni hulipa kiingilio na kupita juu ya mikoko kwa daraja la mbao linaloning'inia, hadi kwenye kibanda cha kutazamia ndege.

Wazazi wa wanafunzi hao nao huombwa kuulinda msitu.

Ukifika Watamu, pitia Mida, ulipe kiingilio.